Diski Iliyoandikwa Kizingitini

"Mwandikie mashtaka leo, Inspekta. Kesho saa tatu asubuhi nataka awe mbele ya hakimu," alisema mkuu wa kituo, Bwana Ronald, huku akijipepea kwa faili. "Kesi imeiva. Unangoja nini tena?"

Inspekta Bochaberi hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia meza ya ushahidi, akikitazama kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kopo la biskuti. Mbele kilikuwa na nafasi nne za diski. Tatu zilikuwa na diski zake. Moja, ya tatu kutoka kushoto, ilikuwa wazi.

Ndani ya kisanduku hicho ndimo marehemu Bwana Abdulqadir alimohifadhi kazi yake ya zaidi ya miaka thelathini: picha za hati za kale, sauti za wazee, na filamu alizopiga katika visiwa vyote tangu enzi za kanda. Miezi miwili baada ya kifo chake, wakili wa wakulima wa Siyu aliomba ushahidi wa wazee kuhusu mipaka ya mashamba yao. Familia ikakiwasha kisanduku, kikagoma. Diski moja haikuwapo, na zile tatu zilizobaki hazikutoa hata picha moja. Fundi aliyekipanga, Harith wa Langoni, sasa alikuwa mahabusu kwa tuhuma ya kuiba na kuharibu kumbukumbu kwa makusudi. Shtaka hilo halikuwa la faini na kuonywa. Mkewe Hadia, mimba yake ya miezi minane, alikuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi na hotpoti ya chakula mapajani, na kila askari aliyepita alijifanya hamwoni.

"Nangoja kuelewa kwa nini moja," alisema Bochaberi. "Mtu aliyelipwa aharibu angebeba kisanduku kizima akakitosa majini. Kwa nini achomoe diski moja?"

"Kwa sababu ni fundi. Anajua moja inatosha." Ronald alianza kuhesabu kwa vidole. "Yule dalali, Rufus, anayamezea mate mashamba ya Siyu. Rufus alimpigia Harith simu mara tatu. Harith alikuwako nyumbani kwa marehemu siku ya hitima ya arobaini, na baada ya hapo diski haikuonekana tena. Unataka malaika ashuke akuambie?"

"Rufus nimeshamtembelea. Simu zile zilikuwa za printa iliyokwama. Karatasi ya kazi ninayo, ina tarehe na sahihi. Yule bwana ana mengi ya kujibu, lakini hili si lake."

"Una hadi jioni," alisema Ronald, na akatoka na faili lake.

Harith aliletwa akiwa na fulana ileile ya siku aliyokamatwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye desturi ya kutazama mikono yake anapoongea. Bochaberi alimsogezea kiti.

"Nieleze tena ulivyokipanga. Polepole, maana mimi mambo ya diski sijui kitu."

"Afande, diski nne zaweza kupangwa kwa ndia nyingi. Sisi mafundi twaita reidi." Alipogusa kazi yake sauti ilimkaa sawa. "Ndia ya kwanza ni pacha. Kila kitu chaandikwa mara mbili, diski hii na pacha wake. Moya ikifa, pacha yuko. Lakini wapoteza nusu ya nafasi. Hizi ni diski za tera nne nne, zote pamoya kumi na sita. Ukipanga pacha, wapata nane."

"Ya pili?"

"Ya pili diski zote hubeba mzigo, na juu yake hubeba hesabu ya kuukumbuka mzigo wa mwendake. Moya ikifa, watia mpya, na zile tatu zapiga hesabu na kuijaza tena. Nafasi ni tera kumi na mbili. Ubaya wake kuandika ni kuzito, na ile kazi ya kujaza yaweza kutukua siku mbili, na umeme usikatike." Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Hapa mjini Amu umeme usikatike siku mbili? Hiyo nikaiwata kando."

"Ya tatu?"

"Ya tatu ni kugawa. Kila faili lakatwa vipande, kila diski yapata vipande vyake, na zote nne zasoma kwa wakati mmoya. Hiyo ni mbio, Afande, na tera zote kumi na sita ni zako. Lakini moya ikitoka, hutabaki na robo tatu ya kitu. Hutabaki na kitu."

"Na wewe ulimpangia mzee ipi?"

"Pacha," alisema Harith. Alilisema upesi mno, na mikono yake ikaenda chini ya meza.

Bochaberi alifungua droo akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu. Alikuwa amelisoma jana ukurasa kwa ukurasa, akichoka, kwa sababu hakuna mwingine kituoni aliyekuwa tayari kulisoma.

"Huu ni mwandiko wa marehemu. Kila alichoingiza kwenye kisanduku alikiandika na uzito wake. Ukurasa wa mwisho, wiki moja kabla hajafa, jumla ni tera tisa na nusu." Aliligeuza daftari limwelekee. "Kisanduku cha pacha kinabeba nane. Hiyo moja na nusu mzee aliiweka wapi, Harith? Mfukoni?"

Nje Hadia alisikika akikohoa, na Harith akageuza kichwa upande wa sauti ile.

"Nilibadilisha," alisema mwishowe. "Mwezi wa Rajabu. Mzee alikuwa na filamu moya ya zamani aloihamisha kutoka kwenye kanda, nzito sana, hakutaka kuipunguza hata kidogo. Akiicheza yakwama. Akanambia, 'Harith, mimi sina umri wa kungoja kisanduku kifikiri.' Nikamwambia ukitaka mbio, amani yapungua. Akasema fanya. Nikaazima diski, nikahamisha kila kitu, nikapanga upya ile ya kugawa, nikarejesha. Nikamuahidi nitamtilia nakala kando kila Ijumaa."

"Ulitia Ijumaa ngapi?"

"Mbili. Zikaingia picha za hati tu, sauti na filamu bado. Kisha kazi zikanizidi, Ramadhani ikaingia, na Mfunguo Mosi mzee akafa." Machozi yalikuwa yamemlenga. "Naliona haya, Afande. Mji mzima waniita mimi kuwahifadhia zitu zao. Nikisema mimi ndiye nilowata kazi ya mzee yule bila kinga, ni nani ataniita tena?"

Bochaberi alikasirika, na hakuificha. Kwa siku mbili mtu huyu alikuwa ameulinda ufundi wake na kuiacha shingo yake. Sasa ukweli aliousema ulikuwa unamkaza zaidi kuliko uongo. Kama kisanduku kilikuwa cha pacha, kuchomoa diski moja kusingedhuru kitu. Kwa kuwa kilikuwa cha kugawa, moja ilitosha kuua zote, na katika kisiwa kizima mtu mmoja tu ndiye aliyelijua hilo. Ronald angesikia haya angeandika mashtaka mwenyewe kwa mkono wake.

Alirudi kwenye meza ya ushahidi ili asimtazame. Hapo ndipo alipovitilia maanani vipande vya plasta nyeupe vilivyobandikwa kwenye kila diski. Vilikuwa na maandishi ya kalamu, mwandiko uleule wa daftari. Amu. Matondoni. Kisha nafasi iliyo wazi. Kisha Siyu.

"Haya majina ni ya nini?"

"Ah, hayo ya mzee. Aliona kila diski ina mji wake, kama makabati. Nilimwambia mara ngapi, zitu zimetanganyika, kila filamu iko kwenye diski zote nne. Akasema yeye yampendeza kuziona zina majina. Hayana maana yoyote, Afande."

"Iliyotoka iliandikwa nini?"

"Kizingitini."

Bochaberi alikaa. Alichukua kalamu, akachora miraba minne kwenye karatasi, akaandika majina.

"Nisikilize, na unikatize nikikosea. Mtu wa Rufus angetaka ushahidi wa Siyu upotee. Kama aliamini majina haya, angechukua diski iliyoandikwa Siyu."

"Ndiyo."

"Wewe hukuyaamini. Kwako zote ni sawa. Kisanduku kilikuwa ndani ya kidaka cha ukuta. Nimekwenda kupaona. Ukisimama mbele yake, diski ya kwanza iko mkononi, ya tatu inabidi upenyeze mkono hadi ndani. Mtu mwenye haraka, nyumba imejaa watu wa hitima, kwa nini asichukue ya kwanza?"

Harith aliuinamia mchoro, kidole juu ya mraba wa tatu.

"Aliyeichukua hii aliitaka hii," alisema Bochaberi. "Alisoma Kizingitini akaamini kwamba Kizingitini imo."

Nyumba ya marehemu ilikuwa vichochoro vitatu kutoka kituoni. Mjane, Bi Sundus, alikuwa bado yuko eda, na wanaume wasio maharimu wake hawakuweza kukaa naye. Askari wawili waliotumwa wiki iliyopita waliishia dakani penye mlango, wakarudi, wakaandika kwamba mjane hana la kusema. Liliandikwa kwa wino na likapigwa muhuri, na hakuna aliyeona aibu.

Bochaberi, kwa kuwa ni mwanamke, alivua viatu akapandishwa juu. Bi Sundus alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alimkaribisha kwenye mkeka na kumwita mwanangu.

"Siku ya hitima, Bi Sundus, nani aliingia chumba cha kazi cha marehemu?"

"Mmoya tu. Bakr."

"Bakr ni nani?"

"Mwana wa marehemu kwa mke wake wa kwanda. Mamake alikuwa mtu wa Kizingitini, Mwanamkisi, Mungu amrehemu. Alikufa Bakr ana miaka saba, na Bakr angali yuko huko, anunua kamba na samaki. Bakr ni maharimu wangu, ni mwana wa mume wangu, aweza kuniona. Alipanda kunipa pole, kisha akaingia mle ndani. Nikamsikia alia."

"Alipotoka?"

"Alikuwa na kitu ndani ya kikoi. Sikumuuliza."

"Na kwa nini hukumwambia mtu?"

"Ni nani alonijia akaniuliza?" Bi Sundus alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Tena mwana akitukua kitu cha babake, ndani ya nyumba ya babake, huo ni wizi gani? Hiyo ni mirathi. Nilisema tutakapogawanya, hicho kitahesabiwa kwake."

"Bi Sundus, Harith amefungwa kwa sababu ya kitu hicho."

Mjane aliushika mdomo wake. "La ilaha illallah. Na mkewe mja mzito."

Boti ya polisi haikuwa na mafuta, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Bochaberi alikodi nyingine kwa pesa zake, na alasiri alikuwa Kizingitini, akiulizia Bakr mnunuzi wa kamba. Alionyeshwa banda la mizani, na mwanamume mpana wa miaka kama arobaini akasuuza mikono kwenye ndoo na kumsikiliza hadi mwisho bila kubishana.

"Iko nyumbani," alisema. "Twende."

Ilikuwa juu ya rafu, pembeni ya Msahafu, imefungwa kwa leso. Aliifungua kwa uangalifu. Plasta ilikuwa bado imebandikwa, na jina la kijiji chake juu yake.

"Si wizi, Afande. Mama yangu sina picha yake hata moja. Mwezi mmoja kabla hajafa, mzee alinipigia simu, sauti yake imebadilika. Akanambia, 'Bakr, nimemwona mamako yeo asubuhi hii. Yumo kwenye kisanduku, asema.' Akanambia nije tumtazame pamoja. Nikasema nitakuja msimu ukipoa." Aliikunja leso. "Nikaja kwenye maziko. Siku ya arobaini nikaiona imeandikwa Kizingitini, nikasema hili ndilo fungu langu. Wengine wachukue nyumba."

"Umemsikia?"

"Bado. Haijafunguka vizuri. Pengine fundi ataweza."

Kulikuwa na matumaini kwenye sauti ile, na Bochaberi aliyashika kwa mikono miwili. Diski ilikuwa imepatikana, nzima. Ikirudishwa kwenye nafasi yake ya tatu, kisanduku kingewaka, wazee wa Siyu wangesema yao, na Harith angekwenda nyumbani bila doa. Alipiga simu kituoni, akaamuru Harith apewe simu, akaiweka yake juu ya meza wasikie wote wawili.

"Harith, diski ninayo mkononi. Aliyeichukua ni Bwana Bakr, mwana wa marehemu. Amekiri. Wewe huna kesi."

Upande wa pili ulisikika mtu akivuta pumzi kwa nguvu. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, Afande." Kisha, upesi, ufundi ukamrudia. "Bwana Bakr, salamu alaikum. Uliitia kwenye kompyuta?"

"Alaikumu salamu. Niliitia. Nilikodi laptopu ya mwalimu."

"Kompyuta ilisema nini?"

"Ilisema haiwezi kuisoma, lazima kwanza iitayarishe. Nikakubali."

"Sawa. Hapo chini pana alama ya vema, ya kufanya upesi. Uliiwata vile vile? Kama uliiwata, bado naweza kuokota."

"Niliitoa," alisema Bakr. "Sikutaka upesi. Nilitaka ifanye kazi yake vizuri."

Bochaberi aliiinua kidogo, akidhani mtandao umekatika.

"Ilitukua muda gani?" aliuliza Harith.

"Kutwa nzima. Toka nilipotoka msikitini alfajiri hata magharibi. Sikwenda kazini siku hiyo. Nilikaa nayo, nikawaambia watoto wasipige kelele, nisije nikapitwa. Ilikuwa ikihesabu, moja, mbili, kumi. Nikajua ikifika mia itamfungua. Ilipofika mia ikawa kimya. Nikaifunga kwa leso, nikasema labda imechoka."

"Afande," alisema Harith. "Ni heri umwambie wewe."

"Umwambie nini?" aliuliza Bakr.

Bochaberi alikuwa amewahi kupeleka habari za vifo kwenye nyumba nyingi, na aliona hii haina tofauti. Alimwambia kwa maneno machache. Kwamba hesabu ile haikuwa ya kufungua, ilikuwa ya kufuta, na ilifuta mwanzo hadi mwisho. Kwamba kila filamu ilikuwa imekatwa vipande kwenye diski nne, na bila hii ya tatu zile nyingine hazitasema kitu tena, si za Siyu, si za mtu yeyote.

Bakr aliitazama diski. "Basi siku ile nzima," alisema, "nilikuwa namfuta mwenyewe."

"Kosa ni langu," sauti ya Harith ilitoka mezani. "Bwana Bakr, nisikize. Mwanzo nilizipanga pacha. Ningaliziwata pacha, hiyo yako ungaliifanya utakavyo, na mamako angalikuwako kwenye ya pili. Nilibadilisha kwa ajili ya mbio. Mzee alitaka, lakini fundi ni mimi."

Bakr alisimama. Kwa kitambo Bochaberi aliona ataikamata simu ile na kuipiga ukutani, na mkono wake mwenyewe ukajongea mbele. Lakini Bakr alikuwa amesimama tu, mikono imelegea, akihema.

"Ulibadilisha kwa filamu gani?" aliuliza.

"Moya tu ilokuwa ikikwama. Ya kanda ya zamani. Ndiyo niloipimia kasi, nikiicheza na kuiregesha, siku tatu." Harith alisita. "Ni ya mwanamke asuka ukili barazani, hapo kwenu Kizingitini. Mzee alinambia ni mkewe wa kwanda."

Bakr aliinamia simu, mikono miwili imeishika meza. "Umemsikia?"

"Mara mia, wallahi. Naijua kwa moyo."

"Alisema nini?"

"Mzee amuuliza mkeka wa kulalia wataka ukili wa kadiri gani. Yeye amjibu akicheka, amwambia wewe huulizi ukilala, waulizani sasa? Kisha awata kusuka, atazama kando, asema, 'Bakr, ondoka juani, mwanangu, utaumwa na kitwa.' Hapo ndipo palipokuwa pakikwama, kwenye ina lako, Bakr. Ndiyo maana mzee hakuweza kuvumilia."

Watoto walikuwa wamekusanyika mlangoni na hakuna aliyewafukuza. Bochaberi alikuwa na maelezo ya kuandika na sahihi ya kuchukua, na boti ilikuwa ikimngoja. Hakufungua daftari lake.

"Rudia," alisema Bakr.

Harith akarudia, tangu mwanzo, taratibu, na alipofika kwenye jina hakukwama.